Maswali ya wasomaji: Ufukwe ukiliwa, mchanga unaenda wapi?

Toleo lililopita tuliweka picha moja na maelezo mafupi, ukingo wa bahari huko Drew Point kaskazini mwa Alaska, pande kubwa la ardhi limeanguka majini likiwa zima na nyasi zake juu. Maswali yaliyokuja baada ya hapo ni mengi kuliko nafasi tuliyonayo, na mengi yametoka huku huku kusini, Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa. Yametoka kwa watu ambao minazi yao imeanguka majini, kwa hiyo hayakuwa maswali ya kushangaa picha tu. Nimechukua machache, penye mengi ya kusema nimesema, kwingine nimepita haraka.

Habari za kazi mwandishi. Mimi ni mvuvi wa Msimbati, umri umeshasogea. Hapa kwetu bahari inakula kweli lakini inakula kusi, kaskazi inarudisha kidogo, tumeona hivyo tangu utotoni. Nyie mmeandika kwamba ile ardhi ya kwenye picha haitarudi tena. Kwa nini isirudi? Mchanga wao unakwenda wapi?

Shikamoo mzee. Umeuliza lile ambalo lilitakiwa liulizwe kabla ya mengine yote, maana wengi wakiona ufukwe umepungua wanasema bahari imekula, basi, hawaulizi kilicholiwa kimepelekwa wapi na kuna nini cha kukirudisha.

Hapo Msimbati kilichopo ni mchanga, punje nzito nzito, nyingine ni matumbawe na makombe yaliyosagika, nyingine imeshushwa na mto Ruvuma kutoka bara. Kusi ikivuma mawimbi yanapiga ubavu, kila wimbi linausogeza mchanga kidogo kuelekea kaskazini, afu kaskazi ikishika yanapiga kwa upande mwingine na sehemu ya ule mchanga inarudi, nyingine inabaki kwenye mafungu ambayo nyie mnaopita na ngalawa mnayajua kuliko mimi. Punje nzito ikikosa nguvu ya maji inakaa chini, haiendi mbali. Kwa hiyo mchanga wenu unatembea lakini bado upo nyumbani, mradi Ruvuma inaleta na mwamba wa matumbawe uko hai unazalisha.

Sasa Drew Point ule ukingo ni udongo ulioganda kwa maelfu ya miaka, wataalamu wanauita pamafrosti, na ndani yake barafu ni nyingi mno, kwenye baadhi ya kingo za Siberia na Alaska barafu peke yake inapita nusu ya ujazo wote na kuna sehemu inazidi asilimia 70. Chukua lile bonge la dagaa linalotoka kwenye friza, gumu, unaweza ukalipiga chini lisivunjike, liache juani saa mbili uone linavyolegea na maji yanavyochuruzika. Ukingo wa Aktiki, yaani maeneo ya kuzunguka ncha ya kaskazini ya dunia, unashikwa na barafu hivyo hivyo. Kiangazi chao kikifika, maji ya bahari yakiwa na joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri yanatosha, wimbi linachimba pango refu kwenye mguu wa ukingo, linaingia ndani mita kadhaa, juu kunabaki kunaning'inia, mwisho pande zima linakatika kwenye ile mishipa ya barafu iliyosimama wima ndani ya udongo, linadondoka, na baada ya siku au wiki chache pande lenyewe hulioni tena.

Halafu angalia kilichobaki barafu ikishayeyuka. Ni tope laini sana, punje ndogo mno ambazo hazitulii kirahisi, mkondo unazibeba mpaka maji ya kina, na mchanga wa kujenga ufukwe mbele ya ukingo ni kidogo sana au haupo kabisa, kwa hiyo dhoruba inayofuata inakuta ukingo uko mtupu vile vile. Ndo maana hairudi mzee. Nusu ya kilicholiwa kilikuwa maji tangu mwanzo.

Kuhusu kasi, wastani wa pwani za namna hiyo kwa Aktiki nzima ni kama nusu mita kwa mwaka, ila wastani unaficha mengi. Kuna kipande cha pwani ya bahari ya Beaufort huko Alaska, kilomita 60 hivi, kimepimwa kwa kulinganisha picha za ndege na za setilaiti. Kati ya 1955 na 1979 kilikuwa kinarudi nyuma mita 6.8 kwa mwaka, 1979 mpaka 2002 mita 8.7, 2002 mpaka 2007 mita 13.6. Drew Point yenyewe kati ya 2007 na 2016 ilipoteza kama mita 17 kila mwaka. Pima mita 17 kutoka mlangoni kwako kuelekea majini mzee wangu, afu kumbuka zinaliwa ndani ya miezi michache tu maana sehemu kubwa ya mwaka bahari ile imeganda na wimbi halipo.

Kaka, niko Mtwara mjini, dereva bodaboda. Kwani huko si kuna barafu baharini, hayo mawimbi yanatoka wapi? Na hiyo barafu ikiyeyuka yote sisi wa Shangani si tutazama?

Ndugu yangu hayo ni maswali mawili na watu wanayachanganya sana, acha niyatenganishe.

Barafu inayoelea juu ya bahari ya Aktiki ndo ilikuwa mlinzi wa pwani. Wimbi kubwa linahitaji eneo refu la maji wazi upepo upite juu yake, barafu ikiwa imefunika upepo unapiga bure. Tangu 1979 setilaiti zinapima, na eneo la barafu la mwezi wa Septemba, ambapo huwa ni dogo kuliko miezi yote, limekuwa linapungua, la 2012 lilishuka mpaka kilomita za mraba kama milioni 3.4, dogo kuliko yote yaliyowahi kupimwa na setilaiti. Mwaka huo huo kwenye bahari ya Beaufort yakapimwa mawimbi ya mita 5. Mita 5 sehemu ambayo zamani wakati kama huo maji wazi yalikuwa kamkanda kembamba tu karibu na nchi kavu! Barafu inaondoka mapema, inachelewa kurudi, na zile dhoruba za mwezi wa tisa na wa kumi ambazo zamani zilikuwa zinakuta bahari imeshaanza kufunga, saivi zinakuta mlango uko wazi na udongo umeshalegezwa na joto la kiangazi. Aktiki inapata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia nzima kwa wastani tangu 1979, kwa hiyo pwani ile inashambuliwa na maji chini na jua juu kwa pamoja.

Urusi wameshapoteza visiwa kabisa. Kwenye bahari ya Laptev kulikuwa na kisiwa cha Vasilyevsky na cha Semyonovsky, vyote vya udongo wa aina hiyo hiyo, karne ya 19 watu walivipima na kuvichora kwenye ramani, kufikia miaka ya 1950 vyote vimeisha.

Swali la pili sasa. Barafu inayoelea ikiyeyuka kina cha bahari karibu hakibadiliki, maana ilikuwa imeshakaa kwenye maji. Barafu inayotuhusu sisi ni ile iliyoko juu ya nchi kavu, Greenland na Antaktiki. Greenland peke yake ikiisha yote bahari za dunia zinapanda zaidi ya mita 7, hilo siyo la kesho wala la mjukuu wako, linachukua karne nyingi, lakini limeshaanza, na tangu 1993 bahari imepanda kwa wastani wa kama sentimita 10 kwa jumla ya sababu zote. Na kuna jambo linaloumiza, barafu ya Greenland ikipungua, maji yanaongezeka zaidi huku mbali kuliko karibu na Greenland kwenyewe, kwa sababu lile bonge la barafu lina uzito na lilikuwa linayavuta maji kuelekea kwake, likipungua linayaachia yanakuja kwetu. Sentimita 10 zinasikika ndogo. Ila hapa kwetu bamvua kubwa inapanda mita tatu na kitu, ukizidisha sentimita 10 juu yake, na siku hiyo kuna upepo, maji yanafika mahali ambapo babu yako alijenga akijua hayafiki.

Mwanangu mwandishi, mimi ni mama, nalima mwani Naumbu. Mvua zikiwa kubwa maji yanachafuka, tope linakaa juu ya mwani unakuwa mlaini unaoza. Nataka kujua huko kwenye barafu kuna mwani? Na wao tope linawasumbua?

Shikamoo mama. Upo, na umeguswa na jambo hilo hilo linalokugusa wewe. Kaskazini mwa Alaska kuna sehemu inaitwa Boulder Patch, sakafu ya bahari karibu yote ya maeneo hayo ni tope, ila pale kuna mawe mengi na juu ya mawe kuna msitu wa mwani mkubwa wa kahawia, watafiti wanaufuatilia tangu miaka ya 1970.

Mwani ule unafanya kitu cha ajabu. Kiangazi kifupi jua likiwepo unatengeneza chakula na kukiweka akiba, afu unakuja kukua zaidi wakati wa baridi gizani chini ya barafu kwa kula ile akiba. Kwa hiyo kiangazi kikiwa na dhoruba nyingi na tope likatimka kwenye maji, mwanga haufiki chini, akiba inakuwa ndogo, na mwani unakua kidogo msimu unaofuata. Jani lenyewe linaacha alama ya kila mwaka, ukilisoma unajua mwaka upi maji yalikuwa machafu.

Wako wewe hauna akiba ya namna hiyo mama, tope likikaa siku kadhaa na maji ya mvua yakapunguza chumvi, umekwenda. Kamba zilizo karibu na mdomo wa mto au chini ya mashamba yaliyolimwa mpaka ukingoni ndo zinazoumia kwanza, ukiweza zisogeze kwenye maji yanayotembea zaidi, na kipindi cha masika pitia kamba mara kwa mara kuzitikisa. Najua kusogea kwenye kina kunataka chombo na siyo kila mama ana chombo.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa form five hapa Lindi, nasoma jiografia. Tumefundishwa mashapo, yaani mchanga na tope, yanabebwa na mito, upepo, mawimbi na barafu ya milimani. Je, barafu ya baharini nayo inabeba? Kama inabeba inapeleka wapi?

Marahaba mdogo wangu. Inabeba, na hapa ndo penye utamu wote wa somo hili.

Anza na bahari za Siberia, ni pana lakini hazina kina, unaweza kwenda mamia ya kilomita kutoka pwani na bado chini ni mita 20 au 30. Mwanzo wa majira ya baridi inapiga dhoruba, upepo mkali sana wa baridi, maji yanachafuka mpaka chini, tope linapanda. Maji yenyewe yanapoa mpaka chini kidogo ya kiwango cha kuganda, ila kwa sababu yanavurugwa na upepo hayagandi kwa kufunika juu, yanatoa vijichembe vidogo vidogo vya barafu ndani kwa ndani, kwenye kina chote. Vijichembe hivyo vinanasa punje za tope na kupanda nazo juu. Ulichosoma darasani ni kwamba mashapo yanashuka, pale yanapanda! Vingine vinaganda kwenye sakafu kabisa na vikiachia vinanyanyua mpaka mawe. Juu vinashikana vinakuwa barafu ya kawaida, ila ya kahawia, chafu, imejaa tope ndani.

Halafu ile barafu inaanza safari. Kuna mkondo unaoivusha bahari ya Aktiki kutoka upande wa Siberia, unapita maeneo ya karibu na ncha ya kaskazini, unatokea kwenye mlango wa bahari kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard. Mnorwei Fridtjof Nansen aliuthibitisha kwa njia ya hatari kweli, mwaka 1893 aliingiza meli yake iitwayo Fram kwenye barafu karibu na visiwa vya New Siberian akaiacha igandishwe makusudi, meli ikabebwa na barafu mpaka ikaachiwa karibu na Svalbard mwaka 1896. Yeye mwenyewe njiani aliona tope juu ya barafu katikati ya bahari, mbali na nchi kavu yoyote, akachukua sampuli. Kwa hiyo tope lililoporomoka kwenye pwani ya Siberia linaweza likasafiri miaka miwili mitatu likiwa limeganda, afu barafu inayeyuka karibu na Greenland na tope linashuka kwenye sakafu ya bahari ambayo haina uhusiano wowote na pwani lilikotoka. Mkichimba sakafu ile mkakuta udongo wa Siberia msishangae.

Ila safari hiyo inakatika. Utafiti uliotoka 2019 ulionyesha kwamba zamani, kabla ya mwaka 2000, kama nusu ya barafu iliyozaliwa kwenye zile bahari za pembeni za Urusi ilikuwa inafika katikati ya Aktiki, saivi inafika kama asilimia 20 tu, iliyobaki inayeyuka njiani. Tope na virutubisho vyake vinamwagwa mapema, viumbe wa katikati ya bahari wanakosa walichokuwa wanaletewa. Mwalimu wako akikuuliza mmomonyoko wa Aktiki una madhara gani baharini, lete huu mfano.

Jingine la mtihani. Usidhani mito siku zote ndo inaongoza kuleta mashapo. Mto Mackenzie wa Kanada kweli ni mkubwa kwa hilo, unamwaga zaidi ya tani milioni 100 kwa mwaka, lakini kwenye bahari ya Laptev ni kinyume, pwani inayobomoka inaingiza mashapo mengi kuliko mito, pamoja na kwamba mto Lena ni mmoja wa mito mikubwa duniani. Na ndani ya udongo ule ulioganda kuna mabaki ya majani na wanyama wa kale, ardhi iliyoganda ya kaskazini imeshika kaboni inayokaribia mara mbili ya iliyoko hewani, kila ukingo ukianguka sehemu yake inaoza na kurudi angani, au inazikwa upya chini ya tope la bahari, na mgao wa hizo njia mbili ndo watafiti wanaugombania mpaka leo.

Fundi wa kuchomelea, Somanga. Bomba la gesi la kutoka Songo Songo linapita chini ya bahari kuja huku kwetu. Mchanga ukihama chini yake je? Huko Aktiki wana mabomba?

Fundi, mkondo unaweza ukachimba chini ya bomba likabaki linaning'inia bila egemeo, ndo maana mabomba ya baharini yanakaguliwa na kwenye maji mafupi yanafukiwa. Pwani ya Alaska yapo mabomba ya mafuta chini ya sakafu, ila wenzetu wana maadui wawili ambao sisi hatuna. Barafu inayoelea ikibanana inajikunja na kujenga ukuta unaoshuka chini sana, upepo ukiisukuma mguu wake unalima sakafu na kuacha mitaro mirefu, bomba likiwa juu juu linakatwa. Wa pili sikuwahi kufikiria mpaka niliposoma, mwisho wa baridi mito inafunguka mapema kuliko bahari, mafuriko yanatandaa juu ya barafu ya bahari, yakipata tundu yanashuka yote kwa mpigo mmoja na kuchimba shimo kwenye sakafu lenye kina cha mita kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kulaza bomba wanachora ramani ya mitaro na mashimo ya miaka iliyopita, ndipo wanaamua wafukie chini kiasi gani.

Natembeza wageni Kilwa Kisiwani. Wageni wananiuliza kama magofu yatabaki. Huko ilikopigwa ile picha kuna historia inayoliwa?

Ipo. Kanada kuna kisiwa kinaitwa Herschel, wenyeji Wainuvialuit wanakiita Qikiqtaruk, miaka ya 1890 kilikuwa kituo cha wavua nyangumi, na makaburi ya wenyeji yapo pale na ya wavua nyangumi yapo. Ardhi yake imejaa barafu, miteremko inaporomoka, majeneza yamesukumwa juu na mengine yameharibiwa na udongo unaotembea, majengo ya zamani ya ufukweni yameshasogezwa nyuma kuyaokoa. Nyumba ya mbao unaweza kuisogeza. Msikiti mkuu wa Kilwa, ule wa matumbawe na chokaa, utausogeza uende wapi?

Wajibu wageni wako ukweli. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingia urithi wa dunia 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004 na mawimbi yakiwa moja ya sababu, vikatolewa kwenye orodha hiyo 2014 baada ya kazi kubwa. Kazi ile haijaisha, bahari inarudi kila bamvua, na mikoko iliyo mbele ya magofu ikikatwa tutarudi kule kule. Waonyeshe na mikoko, usiwaonyeshe kuta peke yake.

Kijana, Mikindani. Huku watu wanavunja matumbawe wanachoma chokaa, wengine wanakata mikoko kwa kuni na nguzo, wengine wanabeba mchanga wa ufukweni kujengea. Ukiwaambia wanasema bahari inakula tangu enzi za mababu. Tuwaambie nini? Na kama mikoko inasaidia mbona hao wa Alaska hawapandi?

Nianze na la Alaska. Mikoko inakufa kwa baridi, haiwezi hata kidogo. Fikiria wenzetu wanabaki na nini. Shishmaref ni kijiji cha watu kama 600 juu ya kisiwa chembamba cha mchanga upande wa magharibi wa Alaska, wamejengewa ukuta wa mawe makubwa, nyumba zimesogezwa, mwaka 2016 wakapiga kura ya kuhama kijiji kizima, na bado wapo pale pale kwa sababu kuhamisha kijiji ni pesa nyingi ambazo hawana. Tuktoyaktuk kule Kanada wana kisiwa kidogo mbele ya bandari yao, ndicho kinachopokea mawimbi kwa niaba ya mji, na kisiwa chenyewe ni cha udongo wenye barafu kinaliwa kila mwaka, wanaweka mawe kukizunguka ili wapate muda, siyo kwamba kitapona. Hakuna mtu anayeweza kuirudisha barafu ndani ya udongo.

Sasa sisi. Mwamba ulioko nje ya ghuba yenu ndo kile kisiwa cha Tuktoyaktuk, wimbi linavunjika kule linafika ufukweni limechoka, tofauti ni kwamba mwamba uko hai. Unakua, unajirekebisha ukiachwa, na unazalisha mchanga wenyewe kila siku. Mikoko hivyo hivyo, mizizi yake inapunguza kasi ya maji mpaka tope linatulia, ardhi inapanda polepole, angalia mdomo wa Lukuledi pale Lindi au delta ya Ruvuma uone tope lilivyokaa kwenye mikoko. Kinachoshikilia pwani yetu kinaweza kuota tena, na hilo ndo jambo ambalo mtu wa Shishmaref angelipa chochote alipate!

Kwa hiyo waambie hivi, ni kweli bahari inakula tangu mababu, na ni kweli ilikuwa inarudisha, mzee wa Msimbati hapo juu amesema mwenyewe. Kurudisha kunahitaji mchanga uwepo na kitu cha kuuzuia kiwepo. Anayebeba lori la mchanga ufukweni amechukua ule ambao kaskazi ingeurudisha kwa jirani. Anayevunja tumbawe hai amevunja ukuta na kiwanda cha mchanga kwa nyundo moja, tumbawe bonge linaongezeka milimita chache tu kwa mwaka, lililochomwa kwa siku moja lilikua tangu kabla ya uhuru.

Ila usiende kwao na maneno makali. Anayechoma chokaa anatafuta ada ya mtoto, na saruji ina bei. Wenye vikundi vya ulinzi wa bahari vya vijiji wakae na wachomaji watafute mwamba mkongwe wa nchi kavu ulioko mbali na maji, mchanga wa kujengea utoke kwenye machimbo ya bara yaliyoruhusiwa hata kama lori linaongeza gharama, na mikoko ipandwe pale ilipokuwa zamani, siyo popote penye tope ilimradi picha ipigwe. Mikoko mingi inayokufa baada ya kupandwa ilipandwa chini mno, sehemu ambayo maji hayatoki vya kutosha. Waulize wazee mstari wa zamani ulikuwa wapi.

Mwalimu wa sekondari, Lindi. Ningependa wanafunzi wangu wapime wenyewe ufukwe wetu badala ya kusoma tu ya Alaska. Hatuna vifaa. Tuanzie wapi?

Mwalimu, Aktiki kabla ya setilaiti na droni watu walipima kwa vigingi na kamba, na vipimo hivyo bado vinatumika kulinganisha. Tafuteni kitu kisichohama nyuma ya ufukwe, kona ya msingi wa jengo au mbuyu, pigeni alama ya rangi. Kutoka hapo pimeni kwa futi kamba mpaka mahali majani yanapoishia, na mpaka kwenye mstari wa takataka za maji kujaa. Fanyeni siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, kila mwezi, mahali pale pale na mwelekeo ule ule. Pigeni picha mkiwa mmesimama kwenye ile alama. Chukueni na chupa ya maji ya bahari kila mara, iacheni itulie mpaka kesho yake, pimeni tope lililokaa chini kwa rula, mtaona tofauti ya masika na kiangazi.

Msipime mwezi mmoja mkatangaza bahari imekula, subirini kusi nzima na kaskazi nzima zipite, ikiwezekana miaka miwili. Daftari libaki shuleni, lisiondoke na mwanafunzi anayemaliza. Na kwenye kila ukurasa iandikwe tarehe, saa, upepo ulikuwa unatoka wapi, na nani alishika futi.